Kubadili saizi ya rimu na matairi: mwongozo kamili kwa mwenye gari Kigoma

Ukisimama kwa mafundi wa matairi pale Mwanga, mjini Kigoma, utasikia maswali ya aina mbili. Kijana mwenye Toyota IST anauliza kama rimu saizi 17 zitaingia. Dereva wa Noah au Probox anayepakia abiria na magunia kwenda Kasulu, Buhigwe au Uvinza anauliza ni tairi gani litamwinulia gari lisikwangue mawe. Wote wawili hujibiwa neno moja: zinaingia. Na kweli huingia. Lakini gurudumu linaweza kuingia vizuri, nati zikakaza, halafu gari likaanza kugonga kila shimo, usukani ukavuta upande, breki zikachelewa na beringi za habu (kitovu kinachoshika gurudumu) zikaanza kulia kabla msimu mmoja wa mvua haujaisha.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kinachokulainishia safari ni upepo ulio kati ya rimu na barabara. Ukiongeza inchi za rimu huku gurudumu zima likibaki na kimo kilekile, unazikata inchi hizo kutoka kwenye upepo na mpira. Anayeendesha lami tupu anaweza kulipia gharama hiyo akaridhika. Mwenye gari Kigoma, ambaye lami ikikatika anaingia kwenye changarawe, rasta (vibonge vinavyofuatana barabarani), mchanga na tope jekundu, ningemshauri aende kinyume cha mtindo: rimu ndogo kidogo, ubavu wa tairi mrefu kidogo, kimo cha gurudumu kilekile. Hatua zinazofuata zitakuonyesha namna ya kuamua mwenyewe, hata kama mwisho utachagua tofauti na mimi.

Hatua ya 1: Jua gari lako lilizaliwa na saizi gani

Usianze na matairi yaliyopo sasa. Gari la mtumba limepita mikono mingi na huenda saizi ilishabadilishwa kabla hujalinunua. Fungua mlango wa dereva, angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Magari yaliyotoka Japani yana maandishi ya Kijapani, lakini namba zinasomeka: saizi ya tairi na upepo wake. Upepo umeandikwa kwa kilopaskali, kwa mfano 230. Gawanya kwa 6.9 upate PSI, yaani kama 33. Piga picha kibandiko hicho, utakihitaji tena.

Sasa soma ubavu wa tairi. Tuchukue 185/65R15 88H, saizi iliyoenea kwenye magari madogo. Namba 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, kwa hiyo ubavu ni asilimia 65 ya 185, sawa na milimita 120. R inaeleza namna nyuzi za ndani zilivyosukwa, na karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi ni ya aina hiyo. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 88 ni namba ya mzigo: tairi hilo linabeba kilo 560. H ni mwendo wa juu linaouvumilia, kilomita 210 kwa saa.

Namba ya mzigo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, nayo ina uzito mkubwa kwetu tunaopakia. 82 ni kilo 475, 84 ni kilo 500, 86 ni kilo 530, 91 ni kilo 615. Tairi jipya lisiwe na namba ya chini ya ile iliyotoka na gari. Matairi mengi ya 205/45R17 yana namba 84. Mwenye gari aliyetoka kwenye 88 akaja kwenye 84 amepoteza kilo 60 kwa kila tairi, kilo 240 kwa gari zima, na huku anaendelea kupakia magunia yaleyale ya dagaa na madumu yaleyale ya mawese.

Kama matairi ni ya mtumba, tafuta pia namba nne za tarehe pembeni mwa herufi DOT. 2319 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata (meno ya tairi) nzuri lakini limekaa miaka mingi juani huwa na nyufa ndogondogo ubavuni. Likinje kidogo kwa mkono uzione.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kipenyo cha gurudumu zima

Hesabu ni nyepesi, simu inatosha. Chukua upana, zidisha kwa asilimia ya ubavu, gawanya kwa 100, upate ubavu mmoja. Zidisha mara mbili, kwa sababu kuna ubavu juu na ubavu chini. Kisha ongeza inchi za rimu ukizizidisha kwa 25.4.

Kwa 185/65R15: ubavu ni 120.25, mara mbili ni 240.5. Rimu ni 15 mara 25.4, sawa na 381. Jumla ni milimita 621.5. Sasa linganisha na saizi ambazo watu huziulizia:

195/55R16: ubavu milimita 107, kipenyo 620.9
205/45R17: ubavu milimita 92, kipenyo 616.3
185/70R14: ubavu milimita 129.5, kipenyo 614.6
195/65R15: ubavu milimita 127, kipenyo 634.5
205/65R16: ubavu milimita 133, kipenyo 672.9

Mafundi wengi hutumia kanuni ya kutovuka asilimia 3 juu au chini ya kipenyo cha asili, na ni kanuni nzuri. Zile nne za mwanzo ziko ndani ya mpaka. Ya mwisho imezidi kwa asilimia 8.3, na hiyo ni habari nyingine tutakayoifikia.

Tazama kilichotokea kwa ubavu. Kutoka rimu 15 kwenda 17, gurudumu limebaki karibu na kimo chake, lakini ubavu umeshuka kutoka 120 hadi 92. Karibu robo ya kilichokuwa kinameza mashimo imekwenda.

Hatua ya 3: Amua unaelekea upande gani

Hapa ndipo pesa inapopotea au kuokolewa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Rimu kubwa, ubavu mfupi

Faida ipo, na tuiseme kwa haki. Ubavu mfupi haupindi sana. Ukikata usukani, gari linaitika palepale. Kwenye kona za lami ya Mwandiga kupanda Manyovu utausikia utofauti: gari halilali ubavuni kama zamani, na unajua magurudumu yako wapi. Breki za diski zinaonekana na kupumua vizuri. Kwa macho gari linapendeza pia, na hilo si jambo dogo kwa mwenye nalo.

Gharama inaanza pale gurudumu linapokutana na ncha kali. Tairi lenye ubavu mrefu likiingia shimoni linabonyea, upepo unajikusanya, na sehemu kubwa ya pigo inaishia humo. Lenye ubavu mfupi likikosa nafasi ya kubonyea, mpira unabanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu. Matokeo ni mawili: rimu inapinda au inapasuka, na nyuzi za ndani ya ubavu zinakatika. Ukiona nundu imetokeza ubavuni, nyuzi zimekwisha kukatika. Nundu hiyo haizibwi wala haishonwi, tairi litatupwa. Rimu ya alumini iliyopasuka ikichomelewa na kupakwa rangi hupendeza, lakini joto la kuchomelea huidhoofisha sehemu ya rimu iliyobaki. Siishauri kwa gurudumu la mbele hata kidogo.

Kuna jambo la pili lisiloonekana kwa macho, nalo ni uzito. Rimu, tairi, diski na habu havibebwi na springi, vyenyewe ndivyo vinavyoruka juu na chini kufuata barabara. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi, na uzito wake umesogea nje, mbali na kitovu. Sasa ingia kwenye changarawe yenye rasta. Kila kibonge kinalirusha gurudumu juu, na shokapu ina sehemu ndogo ya sekunde kulirudisha chini kabla ya kibonge kinachofuata. Gurudumu jepesi linarudi. Zito linachelewa, linakutana na kibonge cha pili likiwa bado hewani, na tangu hapo gari halikanyagi barabara sawasawa. Dereva anasikia nyuma inateleza pembeni kwenye njia iliyonyooka, usukani umekuwa mwepesi ghafla, breki hazishiki. Mafuta ndani ya shokapu yanachemka kwa kazi hiyo, nguvu yake inashuka, na hali inazidi. Watu wengi hulaumu shokapu na kununua mpya. Shokapu mpya zitasaidia kwa muda, lakini mzigo uliozichosha zile za kwanza bado umefungwa pale pale.

Kama unaitaka rimu kubwa kwa moyo wote, panda inchi moja tu, na upime uzito. Mizani ya wafanyabiashara wa dagaa Kibirizi inatosha: weka gurudumu la zamani likiwa na tairi lake, kisha jipya. Ukikuta jipya limezidi kwa kilo mbili au tatu, tafuta rimu nyingine.

Rimu ndogo, ubavu mrefu

Kwa mfano wetu ni kutoka 185/65R15 kwenda 185/70R14. Kipenyo kinapungua asilimia 1.1, spidomita haitabadilika kiasi cha kukusumbua, tumbo la gari litashuka milimita tatu na nusu. Unachopata ni ubavu ulioongezeka zaidi ya milimita tisa, gurudumu jepesi, na tairi ambalo kwa kawaida lina bei nafuu. Kwa gari linalotoka Kigoma kwenda vijijini kila siku, sijui badiliko lingine la bei hiyo linaloleta nafuu kubwa hivyo kwa abiria, kwa bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari) na kwa mgongo wa dereva.

Gharama yake ni usukani kuchelewa kidogo kuitika na gari kulala zaidi kwenye kona. Dereva anaizoea haraka, ilimradi asikimbilie kona kama alivyokuwa akifanya.

Kizuizi kikubwa ni kalipa ya breki, kile kifaa kinachobana diski. Rimu ndogo inaweza kugusa kalipa na isizunguke. Njia ya kujua mapema ni kuangalia kama gari la aina hiyohiyo, toleo la bei ya chini, lilitoka kiwandani na rimu ndogo na breki zilezile. Kama hakuna uhakika, chukua rimu tupu bila tairi, ivalishe kwenye habu, kaza nati kwa mkono, zungusha taratibu. Pabaki nafasi ya milimita tatu au zaidi kati ya rimu na kalipa pande zote. Changarawe iliyonasa hapo katikati inaweza kukwangua rimu yako usiku kucha.

Gurudumu refu zaidi

Hili ndilo ombi la madereva wa masafa. Gurudumu refu lina faida ya kweli: linapita juu ya shimo kwa mteremko mpole zaidi na linainua tumbo la gari. Ila kumbuka kwamba tumbo linapanda kwa nusu tu ya kipenyo ulichoongeza. Ukitoka 621.5 kwenda 634.5 ya 195/65R15, umepata milimita sita na nusu. Hata ile 205/65R16 iliyovuka mpaka inakupa milimita 25 na ushee.

Na kwa milimita hizo 25 unalipa hivi. Nguvu ya kusukuma inayofika barabarani inapungua karibu asilimia 8, ndivyo inavyopungua pia nguvu ya breki kwa kanyagio lilelile. Kigoma mjini iko usawa wa ziwa, kama mita 770 juu ya bahari, na ukitoka tu njia zinapanda. Gari la injini ya cc 1300 lenye abiria wanne na mizigo, likivutwa na gurudumu refu namna hiyo, litashusha gia mapema, litanguruma, na giaboksi ya otomatiki itapata joto ambalo haikukusudiwa. Wakati wa kushuka, breki zilezile ndogo zinashika gurudumu lenye wenzo mrefu zaidi.

Spidomita nayo inasema uongo: ikisoma 50, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye makazi, wewe uko 54. Ikisoma 100 uko 108, ingawa spidomita nyingi zimetengenezwa kusoma juu kidogo na zitafunika sehemu ya tofauti hiyo. Kilomita zinazohesabiwa pia zinapungukiwa, hivyo ukibadilisha oili kila baada ya kilomita 5,000 za kwenye dashibodi, gari limetembea zaidi ya 5,400.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuinua: ongeza ndani ya asilimia 3, na usizidi. Kama bado gari linakwangua, tatizo ni mzigo, springi zilizochoka au aina ya gari. Spesa za kuinulia springi zina madhara yake kwenye pembe za magurudumu na kwenye sivijointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu), zinahitaji fundi anayejua na vipimo vya alaimenti (ulinganifu wa pembe hizo) baada ya kazi.

Hatua ya 4: Upana

Watu huamini tairi pana hushika zaidi kila mahali. Kwenye lami kavu ni kweli kwa kiasi. Kwa uzito uleule na upepo uleule, eneo linalokanyaga ardhi halibadiliki sana, kinachobadilika ni umbo: tairi pana linakanyaga kwa mapana na kwa ufupi, jembamba linakanyaga kwa urefu. Mvua za Kigoma zinazoanza mwishoni mwa mwaka zikijaza lami maji, tairi pana linatakiwa kusukuma maji mengi zaidi pembeni, na linaanza kuelea katika mwendo ambao jembamba bado linagusa chini. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, jembamba hukata tope la juu likafika kwenye ardhi ngumu. Pana hulala juu ya utelezi.

Mchanga ni tofauti kidogo. Huko unataka tairi litandaze uzito, na njia rahisi ni kupunguza upepo mpaka PSI 18 au 20, kwenda polepole, kisha kuujaza tena ukifika kwenye ngumu. Ubavu mrefu unakuruhusu kufanya hivyo. Tairi la ubavu mfupi likipunguzwa upepo rimu inakaribia ardhi mno.

Usiongeze upana zaidi ya milimita 10 bila sababu. Na upana wa tairi uendane na upana wa rimu: 185/65R15 hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 5.5, 205/45R17 inataka angalau 6.5. Tairi pana lililobanwa kwenye rimu nyembamba huvimba kati na kuliwa katikati, na kwenye kona huyumba.

Hatua ya 5: Rimu yenyewe

Matundu ya stadi (bolti za habu zinazopita kwenye rimu) lazima yafanane kabisa. IST ya toleo la kwanza na Vitz zina stadi nne kwenye duara la milimita 100. RAV4 na Harrier zina tano kwenye duara la milimita 114.3. Kuna pia tano kwenye 100, na hapa ndipo wauzaji huchanganya, kwa sababu kwa macho zinafanana. Asikutanulie mtu matundu kwa drili.

Tundu la kati likae juu ya habu bila mwanya. Magari madogo ya Toyota yana habu ya milimita 54.1, RAV4 na Harrier 60.1. Rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa ili ziingie magari mengi. Bila pete ya kujazia mwanya huo, usukani utatetemeka kwenye mwendo fulani na hata balansi haitauondoa.

Ofseti ni namba iliyoandikwa ET nyuma ya rimu, kwa mfano ET45. Ni umbali kwa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Hapo ndipo uzuri wa "gari limekanyaga" unapopatikana, na hapo ndipo beringi za habu zinapoanza kubeba mzigo kwa wenzo usio wao. Usukani nao unabadilika: kila gurudumu la mbele likigonga jiwe linavuta mikono yako upande wake, na ukishika breki barabara ikiwa na lami upande mmoja na changarawe upande wa pili gari linavuta upande mmoja. Kaa ndani ya milimita 5 za ofseti ya asili, 10 ikizidi sana. Spesa za kusukuma gurudumu nje zina athari ileile, pamoja na hatari ya stadi kushika nyuzi chache. Sizipendekezi kwa gari linalobeba watu.

Nati ni jambo dogo linaloua. Rimu nyingi za alumini za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa. Rimu za chuma na nyingi za dukani hutumia nati zenye kichwa cha pia. Nati bapa kwenye tundu la pia, au kinyume chake, inaonekana imekaza huku ikigusa ukingo tu, na barabara ya rasta itailegeza. Nunua nati zinazoendana na rimu, na uzungushe kwa mkono mizunguko sita au zaidi kabla ya kushika spana.

Kwa RAV4 na magari mengine yanayoendesha magurudumu yote manne, weka matairi manne yenye saizi moja, aina moja na kashata zinazokaribiana. Mbele na nyuma vikitofautiana kipenyo, mfumo unaogawa nguvu unafanya kazi bila kupumzika hata kwenye lami iliyonyooka, na matengenezo yake ni ghali kuliko matairi yote manne.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kulipa

Muombe muuzaji uvalishe magurudumu mawili tu, moja mbele na moja nyuma. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Tazama ndani: tairi lisiguse mguu wa shokapu, sahani ya springi, wala bomba la breki. Pabaki nafasi ya kupitisha kidole.

Kisha paka udongo mbichi wa mfinyanzi kwenye ukingo wa ndani wa madigadi na kwenye plastiki yake. Pakia watu wanne, pita taratibu kwenye tuta la barabarani huku usukani umekatwa kidogo, halafu simama uangalie. Udongo uliochubuka unakuonyesha mahali tairi litakapogusa siku ukiwa na mzigo na mwendo. Jaribio la gari tupu kwenye uwanja wa gereji halikuambii chochote.

Uliza pia, kabla ya kutoa pesa, kama saizi hiyo inapatikana Kasulu, Kibondo na Uvinza. Saizi ngeni inayouzwa mjini peke yake itakulaza njiani siku ubavu ukipasuka.

Hatua ya 7: Kufunga, upepo na alaimenti

Safisha kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya. Kaza nati kwa kuvuka, si kwa kuzunguka duara, gari likiwa bado limeinuliwa, kisha malizia magurudumu yakigusa chini. Magari mengi madogo ya Toyota yanataka niutoni mita 103. Kama fundi hana spana ya kupimia, tumia mpini wenye urefu wa nusu mita: nguvu inayotakiwa mwishoni mwake ni sawa na mzigo wa kilo 21. Kuruka juu ya spana kwa miguu kunavuta stadi na kupindisha diski.

Fanya balansi kwa magurudumu yote manne, kisha alaimenti. Rimu mpya peke yake haibadilishi pembe za magurudumu, ila matairi mapya yakifungwa kwenye alaimenti mbovu yataliwa upande mmoja ndani ya muda mfupi, na utadhani saizi ndiyo yenye kosa.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Anzia kwenye namba ya kibandiko ulichopiga picha. Kama tairi jipya lina namba ya mzigo ileile au kubwa zaidi, namba hiyo inafaa kuanzia, isipokuwa tairi lenye alama XL, ambalo linahitaji PSI mbili tatu zaidi ili libebe mzigo uleule. Kisha chora mstari wa chaki kukatisha kashata, endesha mita mia kwenye lami iliyonyooka, utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Gari likiwa tupu na njia ni rasta, unaweza kushusha PSI tatu ukapata ulaini, lakini likiwa limepakia usishushe kamwe. Ukiukuta umepanda PSI tatu au nne baada ya safari, hilo ni joto, uache ulivyo.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, simama ukaze nati tena. Rimu za alumini hukaa vizuri zaidi baada ya kutembea, na nati hulegea kidogo. Ukitoka mjini kwenda Kasulu, ukifika tu fanya kazi hiyo kabla ya kushusha mizigo.

Mwisho, spea. Kama kipenyo chake kimetofautiana na magurudumu mapya, ifunge nyuma kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ili difu (giya inayogawa nguvu kushoto na kulia) isizunguke kwa tofauti muda wote, na uende nayo polepole mpaka kwa fundi pancha wa kwanza. Hakikisha nati mpya zinafunga rimu ya spea pia, na kama hazifungi weka nati za zamani kwenye mfuko pamoja na jeki. Ijaribu spana yako ya gurudumu kwenye nati mpya ukiwa bado nyumbani, maana rimu nyingi za dukani zina tundu jembamba ambalo spana ya gari haiingii.